Mtungi wa Mlangoni pa Hoteli

Jumatatu, tarehe 4
Mama Mkwe kanipa kazi! Kwa kinywa chake mwenyewe! Mtungi mkubwa wa kuwekwa mlangoni pa hoteli mpya, kimo chake kinifike kiunoni. Ukitoka tanurini mzima, naacha kuwakandia wenzangu udongo, napewa kiti cha dirishani hapa karakanani, penye upepo. Mwanangu ataachana na vipele vya joto. Ukipasuka, kiti ni cha wifi yangu, bingwa wa vikombe. Vikombe! Kitu cha kushikwa kwa vidole viwili kitapasukia wapi?

Mama Mkwe kaniusia nichanganye udongo na vigae vilivyosagwa. Eti udongo mtupu kwenye chombo kikubwa hukauka kwa hasira. Nikaitikia ndiyo mama. Sikuchanganya. Nataka mtungi laini kama shavu la mwanangu.

Alhamisi, tarehe 7
Umesimama. Mrembo kweli! Mama Mkwe kasema ufunikwe nguo yenye unyevu, ukauke kivulini. Haraka haraka haina baraka. Nikajibu moyoni: ngoja ngoja yaumiza matumbo. Alipotoka tu, nikausogeza juani.

Jioni, ufa. Toka mdomoni hadi begani, mrefu kama kicheko cha wifi.

Nimeuziba kwa udongo na uji wa mtoto. Hauonekani kabisa! Mtoto kaulilia uji wake. Vumilia mwanangu, tunatafuta maisha.

Ijumaa, tarehe 8
Sisimizi! Msafara mzima, umepanda mtungi mpaka kwenye ufa na kuingia. Wifi kaniuliza, mpole kama si yeye, kama mtungi wangu nimeutia sukari. Mama Mkwe kasogea. Kausukuma kwa kidole. Vipande viwili.

Kasema vikishachomwa, vigae ndivyo hivyo, nivisage. Nimesaga mpaka mabega yameniomba talaka.

Jumatano, tarehe 20
Mtungi wa pili. Vigae nimetia, ningevipeleka wapi? Nimeufunika kwa blanketi la mwanangu. Kila nikipita nafunua kidogo nione hali yake. Nawabembeleza wote wawili kwa wimbo mmoja. Mume wangu kasema heri huyu wa pili, halii.

Kumbe nafunua upande ule ule! Umekauka, upande wa pili bado mbichi. Mama Mkwe kaufungia chumbani kwake, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Eti mtungi huu unahitaji mama asiye na mikono.

Jumanne, tarehe 26
Siku ya tanuri. Mama Mkwe kaanza na moto wa kuzubaa, moshi mtupu. Kasema maji yaliyojificha kwenye kitako yatoke taratibu, yakikurupushwa yatavunja mlango. Nikataka kuongeza kuni. Kanikalisha juu ya kuni hizo hizo, kaniwekea mtoto aliyelala mapajani. Sikuthubutu kuinuka. Watu wazima wana hila!

Mara ndani ya tanuri: ta!

Wifi kanitazama. Nikamtazama. Mama Mkwe kasema tanuri halifunguliwi mpaka lipoe, hata tukifa kwa hamu.

Alhamisi, tarehe 28
Mzima! Mwekundu, hauna hata mkwaruzo! Kilicholia ni kikombe cha wifi. Nimempa pole. Pole ndefu kidogo.

Mama Mkwe kasema usiguswe, mwenye hoteli anakuja kesho. Mtoto nimeshamlaza dirishani. Analala kama tajiri.

Lakini nikawaza: mwenye hoteli akiuliza kama unavuja, nitajibu nini? Nikaugusa. Joto dogo tu kwa nje, kama paji la mtoto mwenye mafua; kitako sikukigusa. Nikautia ndoo ya maji ya kisimani. Baridi safi.

Paa!

Ijumaa, tarehe 29
Mwenye hoteli kaja, kakuta vipande, kaagiza vikombe.

Wifi kahamia dirishani. Nilikuwa nimemnunia mpaka alipokuja kumchukua mtoto mgongoni kwangu. Kasema kosa ni la mama, mtoto alale kwenye upepo wake. Vipele vimeanza kukauka. Polepole, kivulini.

Mimi nasaga vigae. Safari hii viko vingi! Mama Mkwe kapita, kaniuliza nimejifunza nini. Nikajibu kwa adabu kwamba mtungi wa moto na maji baridi havipatani. Kafurahi mno. Kaniahidi mtungi mwingine mwezi ujao.

Huo nitausubiri mpaka upoe kabisa, uwe baridi kama jiwe la mtoni. Ndipo niujaribu kwa maji yanayochemka.