Muhuri wa Ubinadamu

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna barua ya mwananchi itakayopokelewa bila kuthibitishwa kuwa imeandikwa na binadamu. Akili mnemba, tangazo lilisema, imezoea vibaya. Ikafunguliwa Idara ya Uhakiki wa Ubinadamu, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Mhakiki akapewa dawati, muhuri na Kanuni za Utekelezaji, kurasa arobaini.

Mhakiki alikuwa mwanamke makini, na kanuni alizishika kwa moyo wote. Kipimo kilikuwa chepesi: mashine haikosei, binadamu hukosea. Barua yenye makosa matatu kwenda juu ilipigwa muhuri. Fundi viatu mmoja alipita na makosa ishirini na tisa, akapewa mkono wa pongezi.

Jumatano akaingia mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anahema kwa ngazi. Bomba la mtaani kwao lilipasuka, na hiyo ilikuwa wiki ya tano hawana maji. Mhakiki akaisoma barua yake mara mbili. Hata mkato mmoja haukukaa pabaya.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, hii imeandikwa na mashine."

"Marahaba. Mashine yenyewe hii hapa," mwalimu akainua mkono, wino bado kidoleni.

"Weka makosa matatu tu, mama yangu. Hata mawili, nitafumba jicho."

"Miaka thelathini na nne nimefuta makosa ya watu, leo niyazae mimi? Watu wanaoga kwa kikombe, mwanangu! Hebu nipe hizo kanuni nizione."

Mhakiki akaona haya, akampa. Mwalimu akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu kwa mazoea. Ukurasa wa kumi na mbili akaganda, kisha akasoma kwa sauti:

"'Kifungu cha 31. Bila shaka! Hiki hapa kifungu ulichoomba, Mheshimiwa Mkurugenzi. Ungependa nikiongezee ukali?'"

Benchi zima la wananchi waliosubiri zamu likaangua kicheko. Mhakiki hakucheka. Kazi ni kazi. Kifungu cha 2 kilikuwa wazi: waraka wowote unaoshukiwa, wa mkubwa au mdogo, husimamishwa hadi mwenyewe auandike upya kwa mkono, mbele ya shahidi anayejua lugha. Akajaza fomu, akapanda ghorofa ya tano, akamshusha Mkurugenzi.

Kanuni zikiwa zimesimamishwa, hakukuwa na cha kuizuia barua ya mwalimu. Kabla ya saa sita mafundi bomba walikuwa njiani. Mwalimu mwenyewe akabaki, amejitolea kuwa shahidi, huku Mkurugenzi amebanwa benchini katikati ya wananchi, daftari magotini.

Ukurasa wa kwanza ulitoka na makosa hamsini na mawili. Mhakiki akaugonga muhuri kwa heshima zote. Mkurugenzi alikuwa binadamu, tena bila shaka yoyote.

"Mwalimu," akanong'ona Mkurugenzi, jasho likimtoka, "hivi 'Mamlaka' ina wingi?"

"Haina, mwanangu. Na mbona umeiandika kwa herufi kubwa kiasi hicho? Hebu ipunguze."