Pumzi Yangu Aliyoirithi Kaka

Biryogo, Kigali
14 Agosti 1992

Kwa Daktari Bertrand,
Mpima vifua wa kiwanda cha kahawa,
Gikondo

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KURUDISHIWA PUMZI YANGU

Salamu nyingi, na baada ya salamu pole na kazi. Mimi ni Zaina Kankindi, yule mama mrefu wa mashine ya kukoboa, aliyepuliza mrija wako Jumanne akakohoa mpaka ukamvutia kiti. Sikukuandikia siku ileile kwa sababu nilitaka kwanza hasira ipoe. Haijapoa. Lakini Kiswahili nilisomeshwa Ujiji kwa shangazi yangu, kwa hiyo nitakasirika kwa adabu. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, maana nimeona wewe ni mtu wa namba.

1. Mimi na yule bwana Silvère tuko mashine moja. Yeye anamimina kahawa, mimi napokea maganda. Urefu wetu mmoja, umri wetu mmoja, na vumbi tunalokula ni moja. Alipopuliza, sindano ya mashine yako ilisimama kwenye mbili na nusu. Nilipopuliza mimi ikasimama palepale. Niliona kwa macho yangu, na muuguzi wako Mukankusi aliona. Silvère ukamshika bega, ukamwambia kifua kimeharibika, ukaandika cheti kwamba atolewe kwenye vumbi, akae uani kushona magunia na apewe maziwa kila asubuhi. Mimi ukanichekea. Nanukuu, usije ukasema nimekusingizia: "Mama, wewe uko muzima kabisa. Kwa mwanamuke, hii ni pumuzi muzuri sana." Nikarudi kwenye maganda nikiwa mzima kabisa, nakohoa.

2. Nilipokuuliza, ulinifungulia jedwali lenye safu mbili, ya wanaume na ya wanawake, ukanieleza kwamba mwanamke huumbwa na mapafu madogo tangu tumboni, na kwamba hayo ni mambo ya chembe za urithi. Hapo ndipo uliponimaliza. Baba alipofariki, kaka yangu Kagabo alichukua kiwanja, akachukua cherehani, akachukua hata mlango wa nyumba ya uani. Sheikh alisema nina haki ya nusu ya fungu la kaka. Nusu yenyewe sijaiona hadi leo. Niliambiwa mimi ni mwanamke, nitakula kwa mume. Kumbe katika mgawo ule na pumzi ilikuwamo, na hakuna aliyeniita kikaoni. Kagabo ana kifua kipana kama mlango alionichukulia, na kazi yake ni kukaa benchini akimtazama fundi aliyemwajiri anavyoshona. Pumzi yote ile anaipeleka wapi?

3. Kwamba mapafu yangu ni madogo, sibishani na wewe. Msomi ni msomi. Naomba tu kuonyeshwa gunia la kike liko wapi. Pale kiwandani gunia ni moja na mizani ni moja, na kapita anayetusimamia, Bwana Évode, hajawahi kufungua safu ya pili akaniambia chukua hili dogo, mama, hili ndilo lako. Vumbi nalo halikusoma. Labda utume mtu alifundishe jedwali, ili likifika kwenye pua ya mwanamke lijipunguze. Tena kibaba hujaa kabla ya pishi, hilo hata muuza unga wa hapa kwetu analijua bila kwenda chuo. Kama mimi ni kibaba na Silvère ni pishi, na tunajazwa vumbi lilelile, ni nani aliyepaswa kutolewa kwanza? Nikipanda mlima kurudi nyumbani nasimama kila baada ya nyumba mbili tatu, na majirani wanadhani nimesimama kuwasalimia. Nawasalimia, ndiyo, pumzi ikirudi. Naogopa, Daktari, na sioni safu ya hilo kwenye jedwali lako.

4. Umetupima kwa kupuliza. Nani anapuliza katika mji huu? Mkaa unapulizwa na mwanamke. Uji wa mtoto unapulizwa na mwanamke. Harusini vigelegele vinapigwa na mwanamke, vinavuka bonde mpaka kwenu Gikondo. Mwanaume wetu kazi yake ni kuvuta: atavuta sigara, atavuta pombe ya mtama kwa mrija, na ukimwambia apulize mbabula ya mkaa, moshi unamuumiza macho. Ukamweka mtu huyo kwenye kazi asiyoijua, akashindwa, ukamwandikia maziwa.

5. Kwa hayo yote naomba moja kati ya mawili. Ama unihamishie safu ya wanaume, nami nihesabiwe mgonjwa, nishone magunia na ninywe maziwa. Ama umwandikie Kagabo barua yenye muhuri arudishe fungu langu la pumzi, hata kidogo kidogo. Cherehani abaki nayo. Akikaidi, apigwe marufuku kuimba kaswida na kuita watoto kwa sauti mpaka amalize. Na kwa faida ya wanawake wote wa Rwanda, wakunga waagizwe kwamba mtoto wa kiume asiruhusiwe kulia kwa nguvu kabla dada zake hawajahesabiwa haki yao.

Nisalimie muuguzi Mukankusi, Bwana Évode, mkeo na watoto, na uisalimie sana mashine yako, maana yeye peke yake ndiye aliyenitendea haki: alisimama palepale.

Ni mimi, mzima kwa mujibu wa jedwali,

Zaina Kankindi

N.B. Kabla sijafunga bahasha amepita Claudette wa mizani. Anasema leo Silvère hakushona gunia hata moja. Aliitwa ofisini, akasomewa cheti chako, akaambiwa kiwanda hakifugi wagonjwa wa kifua. Maziwa hakuyaonja. Tangu vita vianze kaskazini na kahawa ianguke bei, kazi nyingine atapata wapi mtu mwenye karatasi kama ile? Mimi nina watoto wanne, na mume wangu tangu mwaka jana yuko nyumbani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Daktari, futa namba moja hadi tano. Nimefikiri upya na nimeona jedwali lako ni la haki kabisa. Mapafu yangu ni madogo kwa urithi, yananitosha, na kaka yangu asisumbuliwe. Tafadhali uandike hivyohivyo ulivyosema, mzima kabisa, na Bwana Évode aone. Ningeichana barua hii, lakini karatasi nyingine sina, na shida moja imebaki: kama una dawa ya kikohozi inayofaa kwa mtu asiyeumwa, mpe Claudette aniletee, ila aifiche ndani ya kitenge.