Spain Ndogo, Mau Narok

Jumatatu, 5 Januari
Bibi yangu Nasimiyu ameenda kwa mamake Nakuru. Na masufuria! Amesema atarudi siku mtu mwingine, si mimi, atamwambia niko na kazi ya maana. Nikauliza mtu gani. Akasema yeyote mwenye akili. Hapo amefungia nje marafiki zangu wote.

Jioni nikaona kwa simu picha za Spain. Upande wa kusini, milimani. Nyumba nyeupe pepepe, dirisha za bluu, wageni wamelala kwa viti wakiangalia vilima. Wanalipa kuangalia vilima! Mimi nimeangalia vilima bure miaka thelathini na nne.

Nikafunga macho. Nikaona Nasimiyu kwa kiti kama hiyo, miguu juu, hasemi kitu.

Jumanne, 6 Januari
Nyumba yangu ni nusu ya stoo ya Mzee Kosgei. Hiyo nusu ingine ni viazi. Leo nimepaka chokaa yote. Dirisha, bluu. Mzee Kosgei akazunguka mara mbili, akasema Makokha, hii imekuwa dispensari. Nikamcheka. Saa nane mama fulani akaleta mtoto wa kudungwa sindano.

Lakini kwa mlango kuna emitiot, ule mti wazee wanachoma kusafisha vibuyu vya maziwa. Simu inasema ni binamu wa mzeituni. Spain imejaa mizeituni! Mungu alishanianzia kazi.

Nimeweka tangazo Facebook. Apartment ya Spain, hewa safi, muulize Seniori Antonio.

Jumatano, 7 Januari
Mteja! Mama wa Nakuru, sauti ya kucheka. Akauliza Antonio ni wa wapi. Nikasema babu yangu alitoka Spain akapotea akitafuta Webuye. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema ameota miaka mingi kukaa mahali hakuna mtu anaita jina lake. Anakuja Ijumaa. Sikumuuliza jina. Wateja wakubwa hawaulizwi.

Alhamisi, 8 Januari
Amepiga tena, mambo ya blanketi. Tukapiga stori. Akauliza kama niko na bibi. Nikafungua roho. Nikasema bibi ni malaika, shida ni mamake. Yule mama akiangalia chai, inaganda.

Akauliza kama nimewahi kumwangalia usoni. Nikamwambia, mathe, sisi ni Wabukusu, mama mkwe haangaliwi! Miaka sita ninajua viatu vyake tu. Vya kahawia, buckle moja. Simu hatujawahi kuongea.

Akasema, haya Antonio, tutaonana kesho.

Ijumaa, 9 Januari
Gari ikasimama. Nikatoka na kofia ya majani, mikono wazi, nasema “Ola!” Mlango ukafunguka. Viatu vikashuka.

Kahawia. Buckle moja.

Niliruka nikaingia kwa viazi! Nikalala nyuma ya gunia la pili, moyo unapiga kama jenereta. Yeye hawezi kuingia mahali mkwe analala. Mimi siwezi kutoka. Mzee Kosgei akawa redio katikati. Akainama kwa dirisha ya bluu akasema, mgeni anauliza chai iko wapi. Anasema pia ataiangalia vizuri, tuone.

Nikapitisha thermos. Mkono tu.

Saa kumi nikachungulia kwa ufa. Ameketi chini ya emitiot, mgongo kwangu. Ametoa vile viatu. Miguu juu ya jiwe. Mbele yake ngano, halafu bonde, halafu bluu tu mpaka mwisho wa macho. Upepo unavuta kitambaa chake polepole. Hakuna mtu aliita jina lake. Hata mimi nilisahau kuogopa.

Jua likazama, akaenda kulala kwa bibi ya Mzee Kosgei. Mimi nikalala Spain, peke yangu.

Jumapili, 11 Januari
Mama ameenda. Ujumbe kupitia Mzee Kosgei: Antonio ni mwongo, mdomo wake unahitaji kufuli. Lakini kazi iko. Ameiona na macho yake na atamwambia msichana wake hivyo.

Nimelia kidogo. Ni ile chokaa.

Jumanne, 13 Januari
Nasimiyu amerudi! Na masufuria! Amekaa kwa kiti, miguu juu, akaangalia vilima, hakusema kitu. Halafu akasema. Jina la uongo, mwisho. Na kila mteja nimuulize jina kabla sijafungua mdomo. Nikaapa. Mkono juu ya Bibilia.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa imeacha kitu nyeupe juu ya nyasi yote, kama sukari. Nikafunga macho. Switzerland!

Tangazo limetoka saa sita. Saa saba mteja. Mzee wa Nakuru, sauti nzito, anasema bibi yake amerudi safari akisifu hivi vilima. Mtu mzuri sana. Nimemwambia naitwa Hans, nikamwanzia ile stori ya mama mkwe.

Jina nitamuuliza akifika.