Choo cha Boti kwa Kipimo Changu

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu ametoa hukumu, na haina rufaa. Jumapili tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, na hapandi boti yangu bila choo. Nikapendekeza ndoo. Akasema ndoo ni ya kudekia. Ubaya ni kwamba shemeji, mdogo wake, amefunga boti yake ubavuni mwa yangu. Ina choo cha kupampu, na ameshamwalika dada yake. Mchokozi!

Jumatano, 5 Juni

Duka la vifaa vya boti. Cha kupampu hutaka boti itobolewe chini ya maji. Hapana! Nilishapoteza nchi, sitoboi na boti. Cha kubeba kina tangi la kuchomoa, lakini ni nani atakayelipitisha gatini mbele ya shemeji? Kikavu hutenga mkojo, na haja kubwa hufunikwa kwa maranda ya mbao. Muuzaji alisisitiza cha kubeba: ni kifupi, na boti yangu ndogo. Nikamshukuru. Nitajitengenezea kikavu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelitoa sanduku lililobeba vitabu vyangu tulipohama kwetu, miaka thelathini na moja iliyopita. Bado linanukia karatasi. Nimekaa nalo kidogo. Kisha nikalikata tundu. Duara safi! Seremala wa gatini akauliza nimempima nani. Mimi. Na mama je? Nikamwambia tunalingana, picha ya harusi ipo. (Pichani nilisimama juu ya kidato cha ngazi.) Seremala akakohoa.

Jumamosi, 8 Juni

Jaribio. Mke wangu akaingia chumba cha mbele, nguo zote mwilini, akaketi kwa heshima. Kifuniko cha paa kikafunguka pwaa! Kichwa chake kikakisukuma, kikatokea nje hadi kidevuni. Shemeji alikuwa akinywa chai, mita mbili tu kutoka pale.

"Shikamoo dada. Upo kazini?"

Akaitikia marahaba, akaomba kikombe. Akapewa, mikono ikipenya kandokando ya shingo. Akakinywa chote juu ya choo changu! Mimi chini nilikuwa nikiona magoti tu, yakitikisika kwa kicheko.

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu amepanda boti ya shemeji. Nilikuwa nimenuna gatini, akaniita: "Panda, mzee wangu, leo ni siku yetu." Nikapanda. Nikapewa chupa ya chai niishike. Choo cha shemeji nimekitumia mara mbili, kwa uchunguzi. Kizuri mno.

Tuliporudi, mke wangu akanishika mkono. Akasema sanduku lile analipenda, analikumbuka njia nzima ya kuhama. Nilipunguze kimo shubiri moja tu, na safari hii nimpime yeye. Ataketi atulie, hatacheka.

Ana moyo mzuri. Ila sanduku halina kosa. Kosa ni la paa. Kesho naliinua. Vipimo ninavyo tayari: nimejipima nimeketi, nimenyoosha mgongo, na kwa uhakika zaidi, nimevaa kofia.