Kuinyoosha Bunduki Kabla ya Msimu wa Kulungu

Jumamosi, 1 Novemba 1986

Wiki mbili tu kabla ya msimu. Leo nimejaribu bunduki yangu kwenye machimbo ya kokoto. Risasi tano, yadi mia. Mashimo yametawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe! Nimeyafunika kwa sahani ya chakula, moja likabaki nje. Shemeji yangu Urho Niskala, kaka yake mke wangu, alikuwepo pia. Yake ameyafunika kwa kisosi. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, unawinda au unapanda mbegu?"

Nilicheka. Kwa meno tu.

Jumapili ya tarehe 9 ndiyo mashindano yetu. Marehemu baba mkwe aliacha sharti: atakayezipanga risasi zake tano karibu zaidi ndiye atakayekaa kwenye kibanda chake cha kuwindia, kule kwenye mierezi, siku ya kwanza ya msimu. Kulungu hupita pale kama waumini wanaokwenda ibadani. Urho ameshinda miaka minne mfululizo. Mimi hukaa kwenye majabali, upepo wa Ziwa Superior ukinipuliza mpaka kwenye figo.

Mwaka huu basi! Nimefikiri sana. Mwenye kosa si mimi, ni bunduki. Nitainyoosha mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

Jumapili, 2 Novemba

Ugonjwa umepatikana! Nimejaribu kupitisha karatasi kati ya mtutu na mbao ya kitako. Haipiti. Mbao imevimba kwa unyevu, inausukuma mtutu pembeni. Dawa ni kusugua kwa msasa mpaka mtutu usiguswe na kitu. Nimesugua mezani jikoni asubuhi nzima.

Lempi, mke wangu, amerudi kanisani na kukuta unga wa mbao juu ya donge lake la mkate wa iliki. Hakugomba. Alichota kidogo kwa kidole, akauliza kama huu ni mti wa mjozi au wa mkoko wa jehanamu. Mkate ameuoka vilevile. Nimekula vipande vitatu kuonyesha uungwana. Vinakwaruza.

Jumanne, 4 Novemba

Nilizidisha kidogo. Sasa karatasi inapita. Bahasha inapita. Jarida zima la kanisa linapita! Bunduki inacheza ndani ya kitako kama jino la babu.

Hakuna neno. Nimenunua gundi kali ya kuchanganya. Unaipaka ndani ya mbao, unakilaza chuma juu yake, ikikauka chuma kinakuwa na kitanda chake cha kipimo. Maelezo yanasema kwanza upake nta kwenye chuma, la sivyo kitanasa.

Gundi nilishaichanganya, na nilikuwa nafungua kopo la nta, gari la Urho likaingia uani. Nikasukuma kila kitu chini ya meza! Amekuja kuazima ngazi. Kwa ajili ya ngazi moja amekunywa vikombe vitatu vya kahawa. Akanusa, akauliza harufu gani ile. Nikamwambia ni dawa ya magoti ya Lempi. Lempi, ambaye magoti yake hayana tatizo lolote, aliyatazama magoti yake.

Alipoondoka gundi ilikuwa inaanza kuwa nzito. Haraka haraka nikaunganisha, nikakaza skrubu, nikafunga kamba. Kazi safi! Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Ningesoma, ningekuwa daktari wa upasuaji.

Jumatano, 5 Novemba

Kopo la nta bado limejaa.

Chuma na mbao sasa ni mwili mmoja. Nimevuta. Nimegonga kwa nyundo ya mpira. Nimeikalia. Kwenye gereji ya kaunti, ninakofanya kazi ya kuendesha gari la kuondoa theluji, nimeibana kwenye jiliwa, nikaing'ang'ania huku wanaume wawili wakinivuta miguu. Kilichotoka ni kiatu.

Lempi amenisomea maelezo ya gundi kwa sauti wakati wa chakula. Neno "daima" amelisoma mara mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Akili imerudi! Joto! Joto hulegeza gundi. Na Jumamosi kila nyumba huku huwasha sauna, kile chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Nimehakikisha bunduki haina risasi, nikailaza kwenye benchi la juu kabisa, nikafunga mlango, nikaenda kutafuta nyundo.

Urho na mkewe Martta walikuwa waje kuoga kwetu, ila sikujua kwamba Martta angewahi kufika. Aliingia na taulo lake bila miwani, akamwaga maji juu ya mawe, akaketi ndani ya mvuke. Akaegemea. Ukelele ule! Nadhani umesikika mpaka Kanada. Alitoka mbio hadi kwenye theluji akipiga kelele kwamba kuna mwanamume mwembamba anamngoja sauna.

Urho akaja. Akaingia. Akatoka na bunduki ameifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Basi yote yakajulikana, nta, gundi, magoti. Alicheka mpaka akashika mti. Akapangusa macho. Akanitazama, akaanza upya.

Lakini joto limefanya kazi! Pigo moja tu, chuma kikachomoka. Pamoja na nusu ya mbao. Kitako kimepasuka kama kuni.

Lempi alikwenda sebuleni, akashusha ukutani bunduki kuukuu ya baba yake, ile ya kuvuta wenzo, isiyo na darubini. Amesema kesho nitatumia hiyo. Na nikigusa skrubu yake hata moja, nitahamia sauna mimi na virago vyangu.

Jumapili, 9 Novemba

NIMESHINDA!

Niandike kwa utulivu. Tulikuwa machimboni baada ya ibada. Lempi ndiye mwamuzi, na utepe wake wa kupimia nguo. Nilianza mimi. Bunduki ya mzee haina mbwembwe: kinundu cha kulengea mbele, mfuo nyuma, basi. Sikuwa na cha kurekebisha. Lempi aliinama sikioni, akaniambia, "Baba alikuwa anapumua, anatulia, anafyatua. Hakuwa anafikiri. Na wewe leo usifikiri." Sikufikiri. Mara tano. Inchi nne kasoro!

Urho akalala chini na bunduki yake ya darubini. Risasi tatu, shimo moja. Kisha Martta, aliyesimama nyuma yetu, akapiga chafya. Chafya tu! Urho akamgeukia, akamwona, akakumbuka. Mabega yakaanza kutikisika. Aliomba dakika moja. Akalenga. Akacheka. Risasi ya nne ikaenda kulia, ya tano ikapiga kokoto. Alilala kifudifudi akilia machozi, akisema, "Mwanamume mwembamba! Mwanamume mwembamba!"

Lempi akapima. Kibanda ni changu! Urho mwenyewe aliniinua juu. Amesema nilistahili. Ni kweli, ni ustadi mtupu. Nilimwona Lempi akipangusa vumbi kwenye kitako cha bunduki ya mzee na kuinong'oneza kitu kwa Kifini, lugha ya baba yake. Nikajifanya naangalia mawingu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kila kitu tayari. Pasti, vile vimkate vilivyojazwa nyama na viazi, zimefungwa. Bunduki ya mzee ni nzuri mno. Ila skrubu moja ya ubavuni naona kama imelegea. Sijaigusa! Nimeitazama tu. Nilikuwa na bisibisi mkononi, lakini nilikuwa natazama.

Jumamosi, 15 Novemba

Niliingia kibandani mapema, theluji laini inaanguka, kimya kitupu. Nikaketi kwenye kiti cha mzee. Raha! Saa moja ikapita. Hakuna kitu. Saa ya pili. Mtu afanye nini kwa saa mbili nzima? Ile skrubu ilikuwa inanitazama.

Nikatoa risasi zote kwanza, mimi si mpumbavu. Robo mzunguko tu, kwa ncha ya kisu. Skrubu ikatoka yote. Nyuma yake bamba. Nyuma ya bamba springi, ikaruka kama panzi ikapotea!

Niliinua macho. Dume! Pembe zenye ncha nane, hatua kumi na tano kutoka kwangu, anatafuna. Mimi nimeshika wenzo mkono mmoja na mtutu mkono mwingine. Tukatazamana. Sikujua la kufanya, nikamrushia pasti. Ikampata puani. Akapaa kuelekea majabalini, na baada ya muda mfupi nikasikia mlio mmoja tu. Urho hapotezi risasi.

Nilimfuata kwa miguu na kumweleza ukweli wote. Nilidhani atacheka. Alicheka, lakini kwanza alisema bila mimi kumfukuza asingemwona kabisa, kwa hiyo nusu ya nyama ni yangu. Kisha tulirudi wote wawili kibandani, tukapiga magoti kwenye theluji kutafuta springi, wanaume wazima tukichakura kama kuku. Urho akaiona. Ilikuwa kwenye pindo la suruali yangu. Tukairudisha bunduki vizuri, naye akaapa hatamwambia dada yake.

Jioni sauna, sisi wote wanne. Ini la kulungu na vitunguu. Martta aliingia na miwani safari hii, akakagua mabenchi yote mawili. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Sijui mara ya mwisho tulikula pamoja hivi ilikuwa lini. Mzee angefurahi.

Jumapili, 16 Novemba

Lempi amekwenda kanisani. Mimi nimebaki, nina kikohozi kidogo.

Urho alibeba nyama na pembe jana, mikono ikamjaa, akasahau bunduki yake kwetu. Iko hapa sebuleni. Bunduki nzuri, siwezi kusema vingine. Haina risasi, nimeikagua. Nimejaribu kupitisha karatasi chini ya mtutu.

Haipiti vizuri!

Maskini Urho, hajui. Mtu amenigawia nusu ya kulungu wake, nami nimwache hivi? Nitamfanyia kama zawadi. Msasa kidogo tu, na gundi imebaki nusu chupa. Ibada ina saa nzima mbele yake. Hatagundua hata kwamba imeguswa.