Napoleon wa Kamba za Nguo

Jumatatu, 4 Machi
Dhuluma! Nesi wa ghorofa ya kwanza, ambaye ndiye mwenyekiti wetu sisi wapangaji, ametuma ratiba ya kamba za kuanikia nguo juu ya paa. Sisi tumepewa Jumatano. Jumatano! Siku isiyo kichwa wala miguu. Sikushauriwa. Nikaandika kwenye kundi la simu kwamba hata Roma ilianza kuanguka hivi hivi. Kisha mwalimu mstaafu wa mlango wa pili, aliyefundisha historia miaka arobaini, akauliza ilikuwa mwaka gani. Nikamjibu: mwaka ule ule. Hakuendelea. Nimemweza.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua kitabu cha historia kwa muuza vitabu chakavu. Kimeng'oka mwanzo na mwisho, kwa hiyo kila vita navikuta katikati. Sijui nani alivianzisha wala nani alishinda. Haidhuru. Ukurasa wa sitini nikampata Napoleon. Nikaandika kwamba nesi ni Napoleon wa kamba za nguo, nikakaa kungoja kilio. Akashukuru! Eti amesoma habari zake, kumbe alikuwa mtu wa mipango. Kufika adhuhuri alishaweka picha mpya: mkono kifuani, ndani ya koti lake jeupe la kazini. Watu kumi na wanne wamempigia makofi. Mmoja wao ni mke wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya mkosi. Niliandika kwamba wanaonyamazia dhuluma ni kama wale walinzi waliomfungulia adui lango la mji. Mji gani, sikutaja. Ukurasa umechanika hapo. Robo saa haikupita, mshonaji wa chini akabisha hodi. Huyu ana cherehani tisa, na mimi ndiye ninayezitengeneza zote. Bila yeye sijui kwa nini watu waniite fundi. Akauliza kama nimemwita msaliti. Nikamwambia la hasha, ni msaliti kihistoria tu. Akazichukua cherehani zake tatu zilizokuwa mezani kwangu, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa bado tumbo wazi. Nimebaki na skrubu zake mkononi.

Ijumaa, 8 Machi
Nilimweleza mke wangu kwamba nateseka kwa ajili yake, kama mashujaa wote. Akaacha kukunja mashuka.

“Baba watoto, Jumatano niliiomba mimi. Ndiyo siku yangu ya mapumziko. Wewe umeanika nini tangu tuoane?”

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni nguo kweli! Nikamwambia hata mikataba mibaya kabisa duniani ilitiwa saini na watu wa ndani. Kuanzia leo nguo zangu nazifua mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekubali yaishe. Nimeomba radhi kwenye kundi, waraka mrefu ulionitoa machozi mimi mwandishi mwenyewe. Niliandika kwamba kama Mandela alivyotoka gerezani bila kinyongo, nami nawasamehe nyote. Nilitegemea shangwe. Nesi akaniondoa kwenye kundi. Bila hata onyo!

Jumapili, 10 Machi
Nimefua mashati matano. Kola zimebaki vile vile. Juu ya paa nilimkuta mwalimu mstaafu akianika. Leo ni siku yake. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akasogeza shuka lake, akaniachia nusu ya kamba. Akasema darasani alikuwa na sheria moja: kabla hujafananisha vitu viwili, hakikisha unakijua angalau kimoja. Nilitaka kucheka, ikanichoma. Maana kamba zenyewe ndiyo kwanza nilikuwa naziona. Ziko imara. Zinatosha. Na mshonaji maskini hakuwa amemfungulia mtu yeyote lango lolote.

Nikashuka kumrudishia skrubu zake. Hakunikaribisha ndani. Jioni akaleta cherehani moja, ile mbovu kuliko zote, akaiweka mezani na kusema tutaona.

Jumatano, 13 Machi
Mwalimu amenipigania, nimerudishwa kundini! Masharti ni haya: nisitaje mfalme, nisitaje shujaa, nisitaje vita vyovyote vilivyopita. Historia marufuku. Nikaapa mbele ya mke wangu, naye akanipikia chai kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Toka asubuhi hadi saa nane mchana sikuandika kitu. Mtu mpya kabisa.

Saa nane na dakika tano nesi akatangaza kwamba pipa la taka litahamishiwa karibu na mlango wangu. Mlango wangu! Damu ikanichemka, lakini kiapo ni kiapo. Historia sikuigusa hata kwa ncha ya kidole. Niliandika tu kwamba hivi ndivyo Vita vya Tatu vya Dunia vitakavyoanza.

Nimeondolewa saa nane na dakika sita. Watu hawana subira kabisa. Vita vyenyewe havijapiganwa, hukumu imeshatoka!