Udongo wa Mashavuni na Bendera ya Tarehe 28

Asprohoma, Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu wa Visiwa,

Salamu kutoka kwetu machimboni. Mimi ni Marousa Kaloudi, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Naapa kukueleza yote, bila kupunguza wala kutia chumvi, ingawa baba husema chumvi nayo ni madini na haijamdhuru mtu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa gatini tukifanya mazoezi ya gwaride la sikukuu ya taifa, tarehe 28. Kama ujuavyo, bendera hubebwa na mwanafunzi mwenye alama za juu kuliko wote, na mwaka huu ni mimi. Mkuu wetu wa shule, Bwana Prokopis, alipita mbele ya mstari, akanikaribia, akayakodolea macho mashavu yangu, akasema kwa sauti iliyofika hadi mkahawani: "Kaloudi! Umejipaka poda? Hili ni gwaride, binti, si harusi!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mpiga ngoma akadakia, "Bi harusi, bwana yuko wapi?" Mimi nikaendelea kutazama mbele. Bendera ikachukuliwa, akapewa Areti, mwenye alama za pili. Areti ni rafiki yangu na hana kosa lolote, ila hutembea kama anayekanyaga miiba.

Kanuni ya shule, kifungu cha tisa, inasema: "Mwanafunzi asije na kipodozi usoni." Haielezi kipodozi ni nini. Ndani ya mkoba nilikuwa na kopo la poda ya madini, zawadi ya mama yangu wa ubatizo kwa sikukuu ya mtakatifu wa jina langu. Nikalipeleka kwa Bi Kalliroi, mwalimu wetu wa kemia, tukasoma pamoja maandishi madogo ya nyuma. Hapo ndipo yalipozaliwa malalamiko haya:

1. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni kaolini. Mheshimiwa, kaolini ndicho kijiji chetu. Ni udongo mweupe ambao baba yangu, Lefteris, anauchimba tangu kabla sijazaliwa. Kwenye poda, kazi yake ni kufyonza mafuta ya ngozi. Bibi alipoelezwa alishika kiuno: "Yaani watu wa Athene wananunua udongo kwa kopo, na mimi naufagia hapa miaka hamsini?" Ikiwa kaolini usoni ni kosa, basi baba na wenzake wote wana makosa, na mbuzi wa bibi pia, ingawa yeye si mwanafunzi.

2. Mika. Haya ni mawe yanayobanduka kama karatasi, na yakisagwa huipa poda mng'ao. Mchanga wa nyuma ya shule unang'aa kwa mika hiyo hiyo, nasi huukalia wakati wa mapumziko. Naomba ufafanuzi kama kifungu cha tisa kinahusu uso peke yake.

3. Oksidi ya zinki. Hukinga jua na kutuliza ngozi. Imo pia katika ile dawa nyeupe ya upele wa watoto. Mtoto mchanga wa Bwana Prokopis hupakwa hiyo, mahali nisipoweza kupataja katika barua rasmi, na sijasikia amenyang'anywa kitu.

4. Dioksidi ya titani. Ndiyo inayotia weupe, katika poda na katika rangi ya kuta. Shule yetu ilipakwa rangi mpya Septemba. Kwa hiyo tunakatazwa kujipodoa na jengo lililojipodoa kuanzia msingi hadi paa.

5. Oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo huifanya poda ifanane na ngozi ya mtu. Hizi ni ndugu wa kutu. Bi Kalliroi alinionya: "Nimesema ndugu, Marousa, sikusema pacha! Za kwenye kopo zimetengenezwa kiwandani zikasafishwa. Nisikukute unajisugua kwenye geti!" Kwenye kopo zimeandikwa kwa namba: 77491, 77492, 77499. Bibi alidhani ni simu za mwenye kiwanda, akazipiga zote tatu ili amwambie udongo wetu ni bora kuliko wake. Mashine ikamjibu kwamba namba hiyo haipo. "Matapeli," akasema, akakata.

Kwa sababu hizo naomba mojawapo ya mambo mawili. Ama nirudishiwe bendera, ama kifungu cha tisa kitumike kwa haki: kuta za shule zikwanguliwe, geti lifutwe kutu, wazazi wote wapitishiwe kitambaa chenye maji mashavuni kabla ya kuingia gatini, na upepo wa kaskazini uandikiwe barua ya onyo, kwa kuwa ndio unaokipaka poda kijiji kizima kila alasiri.

Ningeweza kungoja mwaka mwingine, lakini mwakani nitakuwa shule ya juu, na huko wenye akili ni wengi. Tena baba ameshaomba ruhusa ya kutoka kazini kwa saa moja aje kunitazama. Siku hiyo wanapakia meli, na meli ya mizigo haijui sikukuu. Yeye aliacha shule akiwa darasa la sita. Bendera hakuwahi kuibeba, aliitazama akiwa pembeni tu. Bado hajui kwamba nimenyang'anywa. Bibi anajua, lakini anaendelea kuipiga pasi sketi yangu ya buluu, leo ikiwa mara ya nne.

Nisalimie karani wako, nyumba yako nzima, na yeyote aliyeibeba barua hii kutoka melini.

Wako mwenye uso uliooshwa,
Marousa Kaloudi

Baada ya sahihi: Mama ameisoma barua hii akasema, "Uliapa kusema yote. Toa na lile." Basi natoa. Kopo la poda halijafunguliwa mpaka leo. Karatasi yake ya kuziba iko palepale. Ijumaa ile lori la machimbo lilipita gatini kabla ya mazoezi. Baba akaruka chini, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, myeupe kwa udongo, akasema, "Bendera, eh? Wewe!" akarudi mbio garini. Nilipoulizwa kama nimejipaka, nilinyamaza. Niliona afadhali wanicheke mimi kuliko wamcheke yeye. Kwa hiyo malalamiko yote matano yafute, lakini swali moja nakuomba unijibu kwa meli ya Alhamisi: nikirudishiwa bendera, na baba akaja moja kwa moja kutoka kazini akanishika tena mashavu kabla ngoma haijalia, je, nibaki mstarini na uso huo?